Trekta Jekundu la Alvin na Vyuma Vyake

Kearney, Nebraska
12 Januari 1997

Mpendwa wifi Ione,

Utashangaa kuona mwandiko wangu, maana tangu nihame Norrby sijakutumia hata kadi ya Krismasi. Nisamehe. Mtu akihamia nyumba mpya hata sindano yake haioni, sembuse anwani za watu. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu linalolalamika baridi ikikaza. Theluji ya Nebraska haitulii mahali pamoja, inapita tu na upepo. Kanisani wamenipokea vizuri, ingawa kahawa yao ni maji ya kusuuzia vikombe. Colleen ni mjamzito, utakuwa umeshaambiwa. Anatazamia kujifungua mwezi wa tano, na kwa kuwa yeye na mumewe wamebaki hapo Norrby, nakuomba umtupie jicho binti yangu. Baba yake hayupo, na shangazi ni baba.

Duane anakusalimu. Ndiyo, Duane Pruett, yule aliyenunua trekta siku tulipopiga mnada vitu vya marehemu mume wangu Norman, Oktoba ya mwaka juzi. Tulioana Septemba mbele ya hakimu, bila makeke. Sikukualika kwa sababu safari ni ndefu.

Sasa, wifi, kuna kajambo kadogo. Yale machuma kuukuu uliyoondoka nayo siku ile ya mnada, yaliyokuwa chini ya turubai nyuma ya banda la kuku, Duane anasema huenda ndiyo vifaa vilivyotoka kiwandani pamoja na trekta. Wewe trekta huna, na machuma bila trekta yanakupa kazi ya kuyakwepa tu unapoingia bandani. Duane yuko tayari kuja na tela akuondolee uchafu huo, na hatakuacha mkono mtupu.

Nijibu upesi. Usimwambie Colleen habari za ndoa, nitamwambia mwenyewe.

Wifi yako,
Myrna


Norrby, Wisconsin
3 Februari 1997

Wifi Myrna,

Barua yako nimeipata, nikaiacha mezani kwanza ili tuzoeane. Huku ziwa limeganda na limeota vibanda. Kila mwanamume wa Norrby yuko juu ya barafu, anavua samaki na kumkimbia mkewe. Mimi sijambo na meno yangu bado ni yangu. Colleen namwangalia, hukuwa na haja ya kuniomba. Jumapili hula kwangu, na juzi tulipika lefse, ile mikate myembamba ya viazi, mpaka paka akawa mweupe kwa unga. Habari za ndoa yako alizijua zamani. Ni yeye aliyeniambia mimi.

Hongera, basi. Kaka yangu Norman hata kaburi hajalizoea, lakini hayo ni yako na Mungu wako.

Umeyaita uchafu. Acha nikutajie uchafu wenyewe: mashine ya kurusha theluji, bapa la kusukumia theluji, plau, upanga wa kukatia nyasi ndefu, na vyuma vya uzito vya magurudumu ya nyuma. Vyote vya kiwandani, vyote na rangi yake ya kwanza, hakuna hata boliti ya kuazima. Matrekta yale kiwanda chetu cha hapa Norrby kilitoa maelfu. Mashine ya theluji ya mtindo ule kilitengeneza majira mawili tu, kikaacha. Bwana wako alinunua farasi akasahau kuuliza ana miguu mingapi, kwa sababu hakutaka kuchafua viatu akafunue turubai.

Na kwa kuwa umeutaja mnada, tuukumbuke vizuri. Umeishi hapa miaka zaidi ya thelathini na desturi unaijua. Mtoto wa mwenye mali akinyanyua mkono kununua kitu cha baba yake, watu wote hutia mikono mifukoni, kitu kikaenda kwake kwa bei ya heshima tu. Siku ile dalali Harlan Stuebe alipolisogeza trekta la baba, lililobaki kwa Norman, nilinyanyua mkono, na uwanja mzima ukatia mikono mifukoni. Niliisikia ile mifuko. Ndipo mgeni mmoja huko nyuma akanyanyua wake. Harlan alimwambia, "Bwana, huyu ni binti wa mwenyewe." Mgeni akakutazama wewe. Na wewe ukatikisa kidevu.

Rundo la chuma nililinunua kwa hasira tu, ili nisirudi nyumbani mikono mitupu. Sasa naona Mungu ana macho. Mwambie Duane aendelee kulitazama trekta lake.

Ione


Kearney, Nebraska
2 Machi 1997

Mpendwa wifi,

Nimefurahi kusikia meno yako yapo, maana kweli barua yako inauma. Hapa kumeanza kuyeyuka. Nimeotesha mbegu za nyanya dirishani, na goti limepoa kidogo. Colleen alinipigia simu, tukalia pamoja, kisha tukacheka. Yamekwisha.

Kuhusu kidevu, wifi, nilikuwa na nzi usoni. Oktoba ile nzi walikuwa wengi. Unajenga nyumba nzima juu ya nzi mmoja.

Nitasema ukweli, Duane hana raha. Kila jioni baada ya chakula anakwenda kukaa karibu na trekta. Halipanguzi kwa nguvu, haliwashi ovyo, na mtu akimshauri alipake rangi upya humtazama kana kwamba kamwambia ampake rangi mama yake. Anasema kitu huwa cha asili mara moja tu. Ana majirani wenye matrekta yanayong'aa kama peremende na wote anawadharau. Ndoto yake ni kulipeleka kwenye maonyesho likiwa kamili, na kila kifaa chake, rangi ya kwanza kutoka mbele hadi nyuma. Huwezi kujua mwanamume mzima anavyoweza kuumwa kwa ajili ya kitu kama hicho.

Taja unachotaka, tumalize kwa heshima. Mimi na wewe tunazeeka. Utakufa na machuma hayo, na Colleen atayauza kwa mtu wa vyuma chakavu.

Myrna


Norrby, Wisconsin
9 Aprili 1997

Wifi,

Theluji ya mwisho imeanguka juu ya maua ya kwanza, kama kawaida ya hapa. Mchungaji amepata mtambo mpya wa kahawa na anauhubiri kuliko Injili. Colleen amekuwa mkubwa mpaka anaegemea nyuma anapotembea. Nimemshonea mtoto blanketi, na rangi yake sikuambii.

Unanifundisha mimi kwamba kitu huwa cha asili mara moja tu? Maneno hayo ni ya baba yangu, na Duane ameyaokota kwa watu walioyaokota kwa watu. Alvin Rindahl alifanya kazi kwenye chumba cha rangi pale kiwandani mpaka mapafu yake yakakataa. Trekta lile alilipuliza rangi yeye mwenyewe, na vyuma vyake vyote alivipuliza yeye, kisha akavinunua akavileta nyumbani kwa furaha. Norman alikuwa na uvivu wa asubuhi. Mimi ndiye niliyepanda na baba kusafisha theluji ya mtaa mzima, nikasimama kando yake, mkono wangu wa kushoto… hapana, wa kulia, umeshika madigadi ya kushoto. Miaka yote ya usichana wangu. Nenda kaangalie. Hapo rangi imelika mpaka chuma kinaonekana, pana kama kiganja. Duane anafikiri ni uchakavu. Huo ni mkono wangu.

Kwa hiyo ukiniuliza ninataka nini, nataka hilo, ulilompa mgeni. Pesa yake akununulie wewe dawa ya goti. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi hata kovu bado, ni kidonda.

Nzi wa Oktoba, Myrna. Aibu.

Ione


Kearney, Nebraska
25 Mei 1997

Ione,

Nimetoka huko hospitali ya Norrby kumwona mjukuu wangu, na wewe ulijua siku nitakayofika, ukaondoka. Karin ni mzuri, ana paji la uso la Norman. Blanketi lako nililiona, jekundu. Ningeweza kubashiri.

Sikuja kwako kwa sababu nilijua mlango utafungwa. Basi nitasema kwa kalamu. Nimechoka kuwa mtamu.

Ndiyo, nilitikisa kidevu. Hapakuwa na nzi.

Miaka zaidi ya thelathini nilikaa kwenye meza ya akina Rindahl nikiwa mgeni. Mimi nilipika, ninyi mkaongea habari za trekta. Nilizaa mtoto, ukaja ukamtazama, ukatoka nje na Norman kwenda kusikiliza injini. Hayo niliyameza. Lakini Norman alipokuwa kitandani anamalizika, ulikuja kila siku, Ione, kila siku, na hukuingia chumbani. Ulikwenda gereji. Ulimwaga oili ya trekta ukaweka mpya, ulipaka grisi, ulikaza nati ambazo hazikulegea. Mimi nabadilisha mashuka ya kaka yako, wewe unabadilisha oili ya chuma, na kati yetu ukuta wa mbao. Alikuwa akisikia spana zako. Alikuwa akiniuliza, "Ione yupo?" nami namwambia yupo, anakuja sasa hivi.

Ukamaliza oili na yeye akamaliza.

Kwa hiyo Harlan alipoleta lile trekta, nikaona mkono wako umenyanyuka haraka namna ile, nilitamani kitu kimoja tu: ukose. Duane nilikuwa simjui hata jina. Ningemtikisia kidevu shetani.

Kwa nini hukuingia? Nijibu hilo, na machuma yako ukae nayo.

Myrna


Norrby, Wisconsin
17 Juni 1997

Wifi Myrna,

Karin hajambo. Anakunywa maziwa kwa pupa na kulala akiwa amekunja ngumi, nasi tumempima kwenye mizani ya posta kwa sababu Colleen hakuamini ya hospitali. Nyanya zangu ziko chini ya zako, sina shaka. Ijumaa samaki wa ukumbi wa kanisa walikuwa wabichi ndani, na Harlan Stuebe aliwala wote.

Nimesoma barua yako. Nimefikiri.

Mwambie Duane nimekubali kumwazima vyuma kwa siku moja, na baada ya hapo tutazungumza. Masharti yangu ni haya. Maonyesho yawe ya hapa Norrby, Agosti, uwanja wa kiwanda cha zamani, mbele ya watu waliolitengeneza trekta hilo. Nitakuja navyo mwenyewe na nitavifunga mwenyewe, kwa sababu mashine ya theluji ina pini ambayo asiyeijua ataivunja. Kisha lipite kwenye gwaride likiwa kamili. Halijawahi kuwa kamili tangu baba afe. Kombe la trekta lililobaki na rangi yake ya kwanza liko mezani kila mwaka na bado hatujaona wa kulistahili. Duane atafurahi sana.

Wewe pia uje. Colleen anataka uje, na watu wanakuulizia.

Ione


Kearney, Nebraska
6 Julai 1997

Wifi,

Duane alisoma barua yako akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akanibusu. Haijatokea hivyo tangu Septemba. Ameshaosha tela. Nyanya zangu zina matunda mabichi makubwa kama yai, asante kwa kuuliza.

Swali langu hukulijibu. Umeliruka kama dimbwi.

Na kukubali kwako kunanitisha. Nakujua. Ukikasirika unanyamaza, na ukifanya jambo jema unanung'unika. Barua hii hukunung'unika. Nilimwambia Duane hivyo, akasema wanawake tunatafuta nyoka kwenye kabati la vyombo. Anataka mimi ndiye niliendeshe kwenye gwaride. Anasema watu wa Norrby wananifahamu, wakiniona mimi juu yake watalainika. Nilikataa. Nadhani mwisho nitakubali.

Tutalala kwa Colleen.

Myrna


Norrby, Wisconsin
19 Agosti 1997

Wifi yangu,

Natumaini mlifika salama na tela halikuwasumbua njiani. Joto bado halijapungua. Karin ameanza kucheka, na akicheka anatoa ulimi. Mahindi ya kuchoma ya kanisa yaliuzwa yote kabla ya saa sita, na mtambo wa kahawa wa Mchungaji ulipasuka bomba mbele ya umati.

Kofia yako ilikupendeza. Nilitaka kukuambia siku ile ile lakini mliondoka upesi.

Nitasema mambo yalivyokuwa, usije ukadhani watu walijisahau. Vyuma nilivileta kama nilivyoahidi. Nilivifunga mbele ya macho ya wote, na Duane alinishikia spana mpaka pini ikaingia. Lilikuwa zuri, Myrna. Lilikuwa vile baba alivyolileta nyumbani. Kisha nikakaa pembeni ya uzio na Colleen, nawe ukapanda.

Harlan ndiye aliyekuwa na kipaza sauti. Matrekta yote yaliyotangulia aliyasimulia mpaka mate yakamkauka. Lako lilipofika alisema maneno matatu tu: "Trekta la Alvin." Akazima kipaza sauti. Na uwanja mzima, wifi, watu wale wale wa mnadani, wakatia mikono mifukoni. Hakuna aliyezomea. Hakuna aliyegeuza uso. Walikutazama tu, mikono mifukoni, kwenye joto lile, na wewe ukapita kutoka lango hadi lango ukisikia injini peke yake. Wanawake ambao magauni yao hayana mifuko waliitia ndani ya mikoba. Mchungaji alifunga yake mgongoni. Najua uliona, kwa sababu ulianza kupunga mkono, ukauteremsha.

Colleen alimpa mumewe mtoto amshike, kisha naye akatia mikono yake mifukoni. Sikumwambia. Sikuhitaji kumwambia.

Kombe limebaki mezani. Nilifungua boliti zangu, nikapakia vyuma vyangu, nikarudi nyumbani nikala pai. Roho yangu imesuuzika. Nililala usingizi ambao sikuupata tangu ule mnada. Dawa ya moto ni moto, na hayo ndiyo mazungumzo niliyomwahidi bwana wako.

Msalimie.

Ione


Omaha, Nebraska
11 Oktoba 1997

Ione,

Anwani ni ya dada yangu. Goti ni baya. Nyanya niliziacha zikaoze kwenye mashina. Salamu za Duane sina.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niwe na la kukujibu.

Kutoka lango hadi lango ni safari ndefu kuliko unavyofikiri wewe uliyekaa kwenye uzio. Niliwaona wote. Niliona watu niliowapelekea chakula walipofiwa. Nilimwona mwanangu niliyemzaa mwenyewe. Na nilipofika mwisho Duane alikuwa amesimama hapo na kamera. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza kama joto limebabua rangi. Njia nzima ya kurudi Kearney alilia kwa ajili ya mashine ya theluji. Ndipo nilipojua kwamba nimeolewa tena kwenye meza ile ile.

Basi sikiliza. Mwezi uliopita Duane alikwenda Kansas kutazama trekta jingine. Nilimwita jamaa anayetengeneza mageti, mwenye mtambo wa kupiga mchanga unaobandua rangi. Nikamwambia apige mpaka chuma kiwe cheupe kama sahani. Stika zikaenda, rangi ikaenda, kila kitu kikawa vumbi uani. Nikanunua rangi nyekundu dukani, ile ya kupaka milango, nikalipuliza lote. Madigadi ya kushoto niliyapuliza mara tatu. Linang'aa, wifi, kama peremende. Ungeniona ningekupungia mkono.

Ndani ya bahasha utakuta vipande vya rangi ya zamani. Nilivikwangua kwa kisu kabla jamaa hajaanza, pembeni ya pale mahali pako pa kiganja. Huyo ndiye Alvin wako. Mzike.

Kitu huwa cha asili mara moja tu. Na kaka huwa anakufa mara moja tu, na wewe ulikuwa gereji.

Duane alirudi akakaa chini uani kwenye lile vumbi. Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu.

Myrna


Norrby, Wisconsin
14 Desemba 1997

Wifi Myrna,

Karin ameota jino. Anang'ata kila kitu, pamoja na mimi. Colleen anatazamia utakuja Krismasi na hajui namna ya kukuomba, kwa hiyo nakuambia mimi: anatazamia. Kitanda kipo kwake. Kahawa ya kanisa ni nzuri sasa, mtambo umetengenezwa.

Barua yako ya Oktoba ilinilaza kitandani. Sitaki kukuficha, maana najua ungependa kujua. Nilimwaga vile vipande mkononi nikavitazama mpaka sikuona tena. Nikakulaani kwa majina ambayo mama yangu hakujua kama nayajua. Nilipanga kuja huko Omaha. Sijui ningefanya nini, labda ningevunja vioo.

Kisha mwezi wa kumi na moja, kabla ya sikukuu ya Shukrani, gari likasimama mbele ya nyumba yangu na tela nyuma yake. Duane. Amekonda. Hakutaka kuingia wala kunywa kitu. Alifungua mikanda, akalisukuma trekta mpaka kwenye changarawe yangu, akasema, "Chukua. Mimi sikusanyi vitu vya kuchezea watoto." Alichotaka nilimpa, na hakikuwa kikubwa. Kisha akaondoka bila kutazama nyuma.

Kwa hiyo linalala bandani kwangu. Labda ulijua kwamba ukiliharibu atalitupa, na kwamba likitupwa hakuna wa kuliokota ila mimi. Labda hukujua, ulitaka tu kunikata maini. Usiniambie ni lipi. Likiwa la kwanza nitalazimika kukushukuru, na mdomo wangu haufunguki hivyo. Sijakusamehe, wala wewe usijaribu kunisamehe mimi.

Kuhusu chumba cha Norman, umeuliza mara mbili. Sijibu. Ukiuliza mara ya tatu bado sijibu. Lakini nami nilimsikia, Myrna. Ule ukuta ulikuwa wa mbao pande zote mbili.

Jana theluji ilishuka ya magoti. Nilifunga mashine ya baba mbele ya trekta. Ya mbele ina rangi yake, imefifia na ina makovu, na nyuma yake kuna hiyo rangi yako ya milango. Linatisha kulitazama. Harlan alipita akalitazama, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake. Liliwaka mara ya kwanza. Nilisafisha mtaa mzima mpaka kwa Colleen. Alitoka nje na mtoto, akapanda na kusimama kando yangu, Karin kifuani mwake, na bila kuambiwa akashika madigadi ya kushoto. Mkono ukateleza. Rangi yako inateleza sana.

Nilimwambia ashike hapo hapo. Nami nikipanda peke yangu nitashika hapo hapo, kila theluji, na Karin akisimama atashika hapo. Mtaalamu wa mageti alipiga mchanga kwa mtambo. Sisi tuna viganja, na baridi ya Wisconsin ni ndefu. Nitaitoa hiyo rangi yako, Myrna. Ukija Krismasi uje na glavu, nawe utashika.

Ione